Saa Moja Kabla: Kikao cha Wazee wa Tezi Dume, Qurus

UMOJA WA WAZEE WALIOTIBIWA TEZI DUME, KARATU NA NGORONGORO

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAWAIDA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 12 JULAI 2025, SEBULENI KWA MWENYEKITI, QURUS

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Josephati – Mwenyekiti, mkulima, Qurus
2. Alhaji Abdulwahabu – Mjumbe. Mwenye duka la vipuri vya baiskeli, Karatu mjini
3. Mzee Tobiko – Mjumbe, mfugaji, Olbalbal
4. Remigius – Katibu. Karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo

MWALIKWA
Sista Goodness – muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya mkojo

WASIOHUDHURIA
Mzee Yohana, kwa udhuru: anaumwa mgongo.
Mzee Olais wa Kakesio, bila taarifa. Mzee Tobiko alimtetea kwamba yuko na ng'ombe, na ng'ombe hawajui kuna kikao. Katibu alisema simu anayo.

KUMB. NA. 1/7/2025: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilichelewa kuanza kwa kumsubiri Alhaji Abdulwahabu, ambaye alieleza kwamba bodaboda ilizimika njiani. Katibu anaomba ieleweke kwamba bodaboda hiyo huzimika kila kikao. Mwenyekiti aliomba sala, Alhaji akaomba dua, na Mzee Tobiko akasema Mungu amesikia zote mbili, twende kazini maana baridi ni kali.

Mwenyekiti aliagiza mlango wa kwenda jikoni ufungwe, kwa kuwa mambo yatakayozungumzwa ni siri ya wanaume. Mlango ulifungwa na Katibu kwa mkono wake.

KUMB. NA. 2/7/2025: TAARIFA YA MWENYEKITI

Mwenyekiti alieleza kwamba hiki ni kikao chake cha mwisho. Mbaazi zikishavunwa atahamia kwa mdogo wake Mbulu, moja kwa moja, hivyo wajumbe wajiandae kuchagua mwenyekiti mwingine.

Aliulizwa sababu. Alisema ni mambo ya nyumbani. Aliulizwa tena, akasema kwamba tangu atolewe tezi mwaka jana mambo yake yamekufa kabisa, na tangu wakati huo analala stoo, yeye na magunia ya mahindi. Alisema haoni haki ya kuendelea kumfunga mkewe, Mama Antonia, kwa mwanamume ambaye amebaki jina tu. Alipoulizwa kama mwenyewe Mama Antonia ameambiwa, alijibu kwamba ataambiwa siku ya kuondoka.

Alhaji alisema, "Astaghfirullah." Mzee Tobiko aliuliza ndoa ina miaka mingapi. Mwenyekiti alisema arobaini na moja. Mzee Tobiko alisema kwa umri huo hata ng'ombe angekuwa anajua njia ya nyumbani mwenyewe.

Katibu alishauri kwamba kwa mujibu wa katiba, suala la kujiuzulu lijadiliwe mwisho, baada ya ajenda nyingine. Katiba haisemi hivyo. Katibu alishindwa tu kuliandika jambo hilo wakati ule.

KUMB. NA. 3/7/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha Mei. Alipofika mahali palipoandikwa "jogoo hapandi mtungi", Alhaji alisimama kwa utaratibu, akasahihisha kwamba anayehusika na mtungi ni jongoo. Jogoo kazi yake ni kuwika. Katibu alisema hapa Qurus jogoo wanapanda mitungi kila asubuhi na anawaona. Alhaji alijibu kwamba Kiswahili hakikuzaliwa Qurus. Katibu alimwomba Mwenyekiti amlinde. Baada ya maneno kuwa mengi, Mwenyekiti aliamua iandikwe hivi: jogoo hakuwika na jongoo hakupanda, na kila mjumbe ameelewa. Kumbukumbu zilithibitishwa.

Neno "mtungi" liliwapeleka wajumbe mbali, na Katibu hakuwa na uwezo wa kuwarudisha. Mzee Tobiko alikumbuka enzi za ujana wake, walipokuwa wakipandisha ng'ombe milimani kiangazi kutafuta maji, wiki moja hadi tatu. Siku ya kurudi Olbalbal, akiwa bado nje ya boma, alikuwa anakohoa mara moja tu. Mkewe alikuwa anaanza kucheka ndani kabla hata mbwa hawajabweka. "Siku hizi nakohoa kweli," alisema, "na hakuna anayecheka."

Alhaji alikumbuka alipofungua duka la kwanza pale Karatu, barabara bado ya vumbi, mkewe Kauthar akipima sukari huku nywele zake zinanukia udi. Alisema kila Alhamisi walikuwa wanafunga duka mapema. Sababu haikuulizwa. Alisema wateja walizoea, wakawa wananunua mafuta ya taa Jumatano.

Katibu hakuombwa kukumbuka lakini alikumbuka. Marehemu Selestina, mke wa Katibu, alikuwa anapenda muziki wa dansi. Jenereta la ukumbi likizimwa, walitembea kwa miguu hadi nyumbani, yeye amebeba viatu mkononi, anaimba kwa sauti ya kuamsha kata nzima. Huu ni mwaka wa sita tangu afariki. Katibu yumo katika Umoja huu kwa sababu alitibiwa kama wengine, na kwa sababu Jumamosi ni ndefu sana.

 Mwenyekiti alikuwa anautazama mlango wa jikoni.

KUMB. NA. 4/7/2025: MAELEZO YA SISTA GOODNESS KUHUSU TIBA

Sista Goodness, aliyefika Alhaji akisimulia habari za duka na kusubiri mlangoni, aliingia akawaamkia, "Shikamooni wazee wangu." Wajumbe waliitika marahaba, kisha wote wakaanza kuichunguza sakafu. Sista ni binti wa rika la wajukuu wao. Alisema anaielewa aibu yao, ila kazini ameshaona kila kitu na hapa hakuna mzee mwenye jipya la kumwonyesha. Mzee Tobiko alicheka hadi shuka likamwanguka begani. Kuanzia hapo mazungumzo yalikuwa rahisi.

Sista alieleza kwamba mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita jirani kabisa na tezi. Daktari anapotoa tezi, hata akiwa hodari, mishipa hiyo huguswa, huvutwa, na wakati mwingine hukatwa. Ikiwa imeguswa tu, inaweza kupona polepole, hata ikachukua mwaka au miwili. Waliopigwa mionzi, tatizo linaweza kuja taratibu baadaye. Alisisitiza kwamba huo si uchawi, si laana, wala si uzembe wa mtu.

Tiba alizozitaja ni hizi. Kuna vidonge, ambavyo wengi huanza navyo, kwa ushauri wa daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za kuweka chini ya ulimi asiviguse, maana vikikutana presha inashuka na mtu anaanguka. Kuna pampu maalumu: bomba linalowekwa juu ya uume, linavuta hewa, damu inajaa, halafu unavishwa mpira shinani wa kuizuia, usiozidi nusu saa. Alhaji, ambaye anauza pampu, alinyoosha mkono haraka. Sista alimwambia aushushe: pampu ya baiskeli inasukuma upepo, hii inavuta. Aliagiza iandikwe kwa herufi kubwa kwamba MTU ASITENGENEZE YAKE. Imeandikwa.

Kuna pia sindano ambayo mtu hufundishwa kujichoma mwenyewe, pale pale, ubavuni.  Alhaji aliivuta kanzu yake akafunika magoti. Sista alisema sindano ni nyembamba na wengi wanaizoea, ila uume ukisimama saa nne mfululizo bila kulala, mtu akimbilie hospitali, asikae nyumbani akijisifu. Mwisho kuna upasuaji wa kuwekewa kifaa ndani, lakini huo ni wa hospitali kubwa chache na hufikiriwa mengine yakishindikana.

Kuhusu unga wa kwenye vichupa unaouzwa mnadani, Sista alisema baadhi huchanganywa na dawa za hospitali bila kipimo, na hakuna ajuaye kilichomo. Alhaji alidai unga wa mkuyati anaouweka dukani ni mizizi mitupu. Sista alimuuliza kama ulimsaidia yeye. Alhaji aliomba kikao kiendelee.

Mzee Tobiko alisimama. Alisema yeye hakutolewa tezi; saratani yake ilikuwa imeshatembea, kwa hiyo alitolewa kokwa zote mbili ili kuinyima chakula. Aliuliza katika hayo yote yaliyosemwa, lipi ni lake. Sista hakumficha. Alimwambia kwamba kwake hata hamu yenyewe imepungua kwa sababu kiwanda cha hamu kimeondolewa, na vidonge peke yake mara nyingi havifiki mbali. Kurudishiwa homoni ni hatari, inaweza kuiamsha saratani, hivyo asidanganywe na mtu. Alisema kumgusa mke na kuguswa hakujatolewa na daktari yeyote.

Mzee Tobiko alisema, "Asante, mwanangu. Kumbe mimi sasa ni maksai." Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka. Kisha alimgeukia Mwenyekiti akasema, "Lakini ninyi Wambulu mnalima na nani? Si na maksai? Dume analala kivulini." Hapo walicheka wote, na Mzee Tobiko akacheka kuliko wote, akafuta macho kwa ncha ya shuka. Katibu aliona kwamba machozi hayakuwa ya kicheko tu.

KUMB. NA. 5/7/2025: MALALAMIKO KUHUSU VIDONGE

Mwenyekiti alisema kwa heshima zote, vidonge ni uongo. Amevitumia miezi mitatu, hakuna kitu, na ndiyo maana kwenye vikao viwili vilivyopita aliwashauri wajumbe wasijisumbue navyo. Sista alimwomba aeleze alivyokuwa anavitumia.

Mwenyekiti alieleza kwamba alifuata maagizo barabara. Aliambiwa saa moja. Kwa hiyo kila siku, ng'ombe wakishaingia zizini, alikuwa anatazama simu, ikifika saa moja kamili jioni anameza.

Sista aliuliza, "Halafu, babu?"

Mwenyekiti alisema halafu anakula makande, anashiba, anakwenda stoo, anajilaza, anasubiri.

Sista aliuliza anasubiri nini. Mwenyekiti alisema, "Kianze."

Sista aliuliza Mama Antonia anakuwa wapi wakati huo. Mwenyekiti alisema chumbani kwake, amelala.

Sista aliinama akashika paji la uso. Wajumbe walidhani analia. Alipoinuka alieleza kwamba maagizo yalikuwa ni kumeza muda wa saa moja KABLA ya tendo, siyo saa moja ya jioni, iwe kuna tendo au hakuna. Pia tumbo lililojaa makande yenye mafuta linaichelewesha dawa. Tena kidonge hakileti hamu. Kinasaidia damu kupita pale ambapo watu wawili wameshaanza mambo yao. "Babu," alisema, "kidonge hakina miguu ya kwenda kumwita bibi chumbani."

Katika hatua hii kitu kama sufuria kilianguka jikoni. Haikujadiliwa.

Alhaji Abdulwahabu aliomba ufafanuzi kwa sauti ya chini. Alisema yeye aliielewa kuwa ni saa moja ya asubuhi. Alikuwa anameza na chai, kisha anakwenda kufungua duka. Katibu aliandika huku akijitahidi kuheshimu kiti. Mzee Tobiko hakujitahidi. Alitoka nje kabisa, na kicheko chake kilisikika hadi barabarani.

Ilijadiliwa kosa ni la nani. Katibu, aliyeandika maneno ya mashahidi maisha yake yote, alisema Kiswahili ndicho chenye kosa kwa kutumia neno moja kwa saa ya ukutani na saa ya kusubiri. Alhaji alisema Kiswahili hakina kosa, kosa ni la wazee kuogopa kuuliza. Mwenyekiti alikiri kwamba daktari alimuuliza kama ana swali, na alikuwa nalo, ila alivaa kofia akaondoka.

Sista alimwonya Mwenyekiti asitoke hapa na matumaini ya bure. Akivimeza ipasavyo vinaweza kufanya kazi, na vinaweza kukataa. Huo ni mwezi wa kumi tu tangu apasuliwe, na mishipa bado inahangaika. Alimpangia arudi kliniki kuangaliwa dozi, wakija wawili. Mwenyekiti aliuliza wawili ni yeye na nani.

KUMB. NA. 6/7/2025: PENDEKEZO LA KUWAALIKA WAKE KATIKA VIKAO

Sista Goodness alipendekeza wake waalikwe, kwa kuwa ugonjwa huu unalala kitanda cha watu wawili. Mzee Tobiko aliunga mkono. Alhaji alipinga: stara ni stara, na atamtazamaje Kauthar nyumbani baada ya kutaja pampu mbele yake? Mwenyekiti naye alipinga. Alisema mwanamke akisikia haya, heshima ya mwisho iliyobaki itakwenda.

Katibu alipotakiwa kupiga kura, mlango wa jikoni ulifunguliwa. Mama Antonia, mke wa Mwenyekiti, aliingia na birika la chai ya maziwa na sahani ya viazi vitamu. Aliweka mezani, akammiminia kila mjumbe, kisha hakuondoka.

Katibu alimkumbusha kwa upole kwamba kikao ni cha siri. Mama Antonia alisema, "Shemeji, tazama juu." Wajumbe walitazama juu. Nyumba ya Mwenyekiti haina dari. Kuta zinaishia usawa wa boriti, na kati ya sebule na jikoni juu ni wazi. Alisema vikao vyote vilivyofanyika hapa amevisikia vizuri kuliko Katibu, ambaye siku hizi sikio la kushoto halimsaidii. Katibu anakubali.

Aliomba kusema. Alhaji alisema si mjumbe. Mama Antonia alisema yeye ndiye anayefua mashuka ya hiki kikao. Aliruhusiwa.

Alisema, "Baba Fabian, la kwenda Mbulu ndiyo nimelisikia leo, na nimelisikilizia jikoni kama jirani. Hayo mengine nilijua tangu hospitali, daktari aliniambia kabla yako. Ulipokuwa na mpira wa mkojo niliusafisha mimi. Uliporudi ukahamisha kitanda ukaenda stoo, nikajua ni kwa sababu yangu. Nikasema, ameniona namshika vile, nimekuwa kama muuguzi kwake, amenikinai. Miezi yote hii nimekaa na hilo tumboni."

Mwenyekiti alisema hapana, hakumkinai hata siku moja. Alisema, "Niliona huna tena mume."

Mama Antonia alisema, "Kwa hiyo ukaamua kuniondolea na huyo kidogo aliyebaki?"

Hakuna mjumbe aliyekunywa chai.

Aliendelea kusema kwamba alipoolewa na kuletwa Qurus ulikuwa mwezi kama huu, na yeye baridi hii hakuizoea. Mwanamume huyu alikuwa anaichukua miguu yake miwili anaibana katikati ya vigimbi vyake, huku anamsimulia habari za shambani hadi usingizi unamchukua: fahali wa nani kavunja ua, nani kalewa mnadani, mvua ilikotokea. Hata mwaka waliokosa mahindi, miguu yake haikulala baridi. "Hilo tendo lenu mnalolipigia kura nalikumbuka, sitasema uongo, lilikuwa zuri na nalililia," alisema. "Dawa ikilirudisha, tutashukuru. Lakini wewe nenda Mbulu, halafu niambie hiyo miguu nimpelekee nani."

 Mwenyekiti alisema, "Antonia." Katibu amemfahamu Mwenyekiti tangu wakiwa vijana, na kwa miaka mingi hakuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake hivyo, isipokuwa Mama Fabian, kwa jina la mtoto wao. Alilia, na alilia wazi. Mzee Tobiko alimshika bega, akamwambia kwa Kimaa maneno ambayo Katibu hakuyaelewa na hakuomba tafsiri.

Pendekezo la kuwaalika wake halikupigiwa kura. Alhaji alisema ataanza yeye kumweleza Kauthar, leo leo, ingawa hajui aanzie wapi. Sista alimwambia aanzie na Alhamisi.

KUMB. NA. 7/7/2025: SUALA LA MWENYEKITI KUJIUZULU

Katibu alilirudisha suala hili kama lilivyoahirishwa. Mwenyekiti alisema lifutwe. Katibu alieleza kwamba kilichoandikwa katika kumbukumbu hakifutwi. Kinachoweza kufanyika ni kuandika uamuzi mpya. Mwenyekiti alitafuta maneno rasmi akayakosa. Mama Antonia alisema, "Andika tu: anabaki."

Imeandikwa. Anabaki.

KUMB. NA. 8/7/2025: KUFUNGA KIKAO

Mama Antonia aliuliza kama wazee hawa wamekuja kunywa chai tu. Wajumbe waliongozana kwenda stoo, wakasogeza magunia, wakakitoa kitanda cha Mwenyekiti ili kukirudisha chumbani. Alhaji alivua kanzu, akabaki na shati, akasema mgongo wake asisikie mtu akiuulizia. Sista Goodness alibeba mito na kutangulia kufungua milango.

Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na moja kasoro jioni, katika korido, wajumbe wote wanne wakiwa wamesimama, kila mmoja ameshika mguu wake wa kitanda.

Saini: Josephati, MWENYEKITI

Saini: Remigius, KATIBU